Uzamivu wa gemu na akili mnemba: ubaki Makerere, uende Kigali, York au Edmonton?

Anayemaliza shahada ya kompyuta hapa Uganda na kutaka kufanya utafiti wa gemu na akili mnemba ana njia nne zinazoshikika. Anaweza kubaki nyumbani, Makerere au Mbarara. Anaweza kuvuka mpaka hadi Kigali, au kushuka mpaka Johannesburg. Anaweza kwenda Ulaya, ambako Uingereza ni jambo moja na Denmark, Uholanzi na Malta ni jambo jingine kabisa. Na anaweza kwenda Kanada au Marekani. Wengi huzipima njia hizi kwa jina la nchi na sifa ya chuo. Mimi nasema tuanze na mambo matatu, kwa mpangilio huu: swali unalotaka kulijibu, mtu atakayekusimamia, na nani analipa. Uzamivu ni miaka mitatu mpaka sita ya kukaa na swali moja na msimamizi mmoja. Jina la nchi halitakusaidia siku programu inapokataa na msimamizi hajui unachokiongelea.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa vijana wengi walioko hapa, kufanya uzamili nyumbani au Kigali, kisha kwenda kufanya uzamivu nje, penye mtu anayelijua swali lako na penye posho au mshahara, ni bora kuliko kuruka moja kwa moja. Wapo ambao njia hiyo haiwafai, nao nitawataja.

Swali lako ni la tawi gani?

Utafiti huu una matawi yasiyofanana, na chuo kinachong'ara katika tawi moja kinaweza kukosa mtu katika jingine.

Kuna mashine inayocheza. Hili ndilo tawi lenye historia ndefu: Deep Blue ya IBM ilimshinda Garry Kasparov katika sataranji mwaka 1997, AlphaGo ya kampuni ya DeepMind ikamshinda Lee Sedol, bingwa wa mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja mjini Seoul mwaka 2016, kisha ikaja AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake tu, bila kuonyeshwa mchezo hata mmoja wa binadamu. Kuna mashine inayotengeneza: ramani, hatua za gemu, sheria za mchezo, hata hadithi. Kuna kumsoma mchezaji mwenyewe, yaani anapochoka, anapoacha, anapokasirika, anapotoa pesa. Na kuna gemu kama chombo cha kazi nyingine, mathalani kumfundisha mtoto hesabu au kumfanyisha mgonjwa wa kiharusi mazoezi ya mkono.

Kama moyo wako uko kwenye mashine inayocheza, majina ya kuyatazama ni Alberta huko Kanada, Maastricht huko Uholanzi na Queen Mary ya London. Mashine inayotengeneza ina nyumba kubwa Malta na New York University. Uchunguzi wa mchezaji una mizizi York ya Uingereza na Malta. Tawi la nne linaweza kufanyika vizuri popote penye walimu, wagonjwa na watoto wa kushirikiana nawe, na hapo nyumbani hapazidiwi na mtu.

Omweso: swali lililolala mlangoni petu

Nalikalia hili kidogo, kwa sababu linabadilisha ulinganisho wote.

Omweso, ndugu wa bao letu la Kiswahili, una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji anamiliki safu mbili za mashimo manane na kete 32, ambazo Waganda huziita empiki, na kabla ya kuanza anazipanga upande wake apendavyo. Fanya hesabu ya njia za kupanga kete 32 katika mashimo 16: unapata 751,616,304,549. Hiyo ni mipango ya mchezaji mmoja, kabla hajagusa kete kucheza.

Sasa linganisha. Awari, mchezo mwingine wa familia hiyohiyo wenye mashimo 12 na kete 48, ulitatuliwa wote mwaka 2002 na John Romein na Henri Bal wa Vrije Universiteit mjini Amsterdam. Walipitia hali, yaani mikao ya kete inayowezekana mchezoni, 889,063,398,406 kwa kompyuta yenye prosesa 144, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Yaani mipango ya kuanzia ya upande mmoja tu wa omweso inakaribia hali zote za awari. Chukua na drafti, ambayo Jonathan Schaeffer na wenzake wa Alberta waliitatua mwaka 2007 baada ya kazi iliyoanza 1989. Ina hali zipatazo 5 zikifuatiwa na sifuri 20. Ukizidisha mipango ya kuanzia ya wachezaji wawili wa omweso, unaipita idadi hiyo zaidi ya mara elfu.

Kuna ugumu mwingine unaonivutia kuliko idadi. Katika omweso na katika bao, kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete unaendelea kusambaza, na upo uwezekano wa mtu kusambaza bila kulala, yaani bila zamu yake kuisha, kamwe, kete zikazunguka na kuzunguka. Binadamu atachoka au wazee watamsimamisha. Programu haichoki, lazima uiambie jinsi ya kutambua mzunguko usio na mwisho na nini kifanyike ukitokea. Ukienda kumuuliza mzee anayecheza Bombo au Jinja, usishangae akikwambia, "Mwanangu, hiyo si sheria ya huku kwetu." Kukusanya sheria hizo kwa usahihi, kwa heshima, kwa lugha ya wenyewe, ni nusu ya utafiti. Aliyeko Edmonton, kilipo chuo cha Alberta, hawezi kuifanya nusu hiyo.

Nusu nyingine haihitaji mashine ya mamilioni. Punguza ubao. Chukua mashimo 16 badala ya 32, na kete 16 badala ya 64. Hali zote zinazowezekana ni 300,540,195. Ukiiwekea kila hali baiti moja ya kumbukumbu, unahitaji kama megabaiti 300, ambazo laptop ya mwanafunzi inazo na kubaki. Unaweza kuutatua mchezo huo mdogo kikamilifu, kujua kila hali nani anashinda, halafu ukafundisha programu ya kujifunza kwa kujicheza yenyewe na kupima imekosea wapi ukilinganisha na jibu la kweli. Hiyo ni tasnifu nzuri ya uzamili. Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk waliandika juu ya kuiprogramu bao wakiwa Maastricht miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Kwamba kazi ya namna hii ilitoka Uholanzi kabla ya Uganda na Tanzania inaniuma, na ndiyo sababu naisema wazi: mlango uko wazi bado.

Kubaki nyumbani

Makerere ina Chuo cha Kompyuta na Sayansi ya Habari, na ndani yake kuna maabara ya akili mnemba iliyojijengea jina kwa kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu, na kwa kukusanya maandishi na sauti za Luganda, Runyankore-Rukiga, Acholi, Lumasaaba na Kiswahili. AirQo, mradi wa kupima hewa chafu mijini, nao ulizaliwa Makerere. Hayo si gemu. Lakini anayejifunza kufundisha modeli kutambua jani lenye ugonjwa anajifunza hesabu ileile atakayoitumia kufundisha programu kucheza. Na anayetaka wahusika wa gemu wanaoongea Luganda au Kiswahili cha mtaani atazikuta data za sauti hapa kabla ya kuzikuta London.

Udhaifu ni huu: hutapata kundi la watu kumi wanaofanya gemu, wanaosoma makala yako Ijumaa na kukuambia palipooza. Itabidi ulitafute kundi hilo mbali. Mashindano ya kimataifa ya programu zinazocheza gemu, yale yanayoambatana na mkutano wa kila mwaka wa IEEE kuhusu gemu, hupokea kazi ya mtu kutoka popote, na matokeo yake yanaonekana na watu walewale watakaosoma maombi yako ya uzamivu. Deep Learning Indaba nayo, mkutano wa Afrika wa watu wa mashine zinazojifunza ulioanzia Johannesburg mwaka 2017, ilifanyika Kigali mwaka 2025. Ukitoka Kampala jioni kwa basi, asubuhi uko huko.

Juu ya kompyuta, watu huogopa kupita kiasi. Kaggle na Colab, huduma za mtandaoni, zinatoa GPU (prosesa za kufundishia modeli) bure kwa saa za kutosha kazi ya uzamili. Tatizo letu ni umeme na bando. Andika programu yako ihifadhi hali ya mafunzo kila baada ya dakika chache na iweze kuendelea kutoka pale ilipokatikia. Ni mistari michache ya msimbo, na ndiyo inayotenganisha anayemaliza tasnifu na anayerudia jaribio lilelile kila umeme ukikatika.

Mbarara, chuo kilichoanzishwa 1989, naitaja kwa sababu moja: kina shule ya udaktari yenye nguvu iliyo jirani na kitivo cha kompyuta. Kama swali lako ni gemu kwa ajili ya tiba, kaa chini na watu wa huko kwanza.

Ada utailipa kwa shilingi, nyumbani utalala, na wengi wanaendelea na kazi. Hilo la mwisho ni baraka na ni hatari pia. Mwanafunzi wa uzamili anayefanya kazi ya kutwa nzima huandika tasnifu usiku, na usiku mmoja unaahirisha mwingine. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, hufadhili pia wanaosoma ndani ya ukanda wetu, kwa hiyo usidhani ufadhili ni wa wanaopanda ndege tu.

Kigali na Johannesburg

Carnegie Mellon, chuo cha Marekani, ina tawi Kigali tangu 2011, na shahada zake za uzamili, ikiwamo ya uhandisi wa akili mnemba, ndizo zilezile za chuo mama cha Pittsburgh. Mastercard Foundation hufadhili wengi. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, nayo ilianzisha Kigali mwaka 2018 programu ya uzamili wa mashine zinazojifunza, ya mwaka mmoja, yenye walimu wanaotoka sehemu mbalimbali za dunia; uliza kwanza inafanyika wapi mwaka unaoutaka. Kwa Mganda, kwenda Kigali ni kitambulisho cha taifa tu mpakani Katuna. Hakuna viza, hakuna kupimwa kifua kikuu, hakuna akaunti ya benki ya kuonyesha.

Linganisha na Makerere: Kigali inakupa hesabu kali zaidi kwa muda mfupi na wenzako kutoka bara zima, Makerere inakupa muda wa kukaa na swali lako mwenyewe. Ukiwa hujui bado unataka kutafiti nini, Kigali inakufaa zaidi. Ukiwa tayari una omweso kichwani, Makerere.

Johannesburg, chuo cha Witwatersrand kina maabara ya RAIL inayoshughulika na roboti na ujifunzaji wa kujaribu na kutuzwa, ambao ndio msingi wa mashine zinazocheza. Barani mwetu, kwa anayetaka tawi hilo na asiyetaka kuvuka bahari, hapo ndipo ningemwelekeza kwa uzamivu. Afrika Kusini ina gharama zake na viza zake, na Uganda haimo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, kwa hiyo uliza ada ya mgeni kabla ya kufurahi.

Uingereza

Hapa ndipo palipokuwa na mpango mkubwa kabisa wa aina hii: kituo cha mafunzo ya uzamivu kiitwacho IGGI, kilichoanza 2014 kikiongozwa na York pamoja na Essex na Goldsmiths, kisha kikapata fedha upya mwaka 2019 chini ya York na Queen Mary. Ulikuwa uzamivu wa miaka minne ambamo mwanafunzi hakusoma peke yake. Waliingia kwa kundi, walitengeneza gemu pamoja kwa saa chache za kukesha, na walipelekwa kwenye kampuni za gemu kufanya kazi. Kwa anayetoka mahali pasipo na kampuni nyingi za gemu, sehemu hiyo ya kampuni ilikuwa na thamani kuliko cheti chenyewe. Vituo vya namna hii hufadhiliwa kwa awamu, na wanafunzi wa kigeni wana kikomo: fedha za UKRI, shirika la umma la Uingereza la kufadhili utafiti, zinaruhusu wageni wasizidi asilimia 30 ya kundi. Kwa hiyo andikia York au Queen Mary kwanza uulize nafasi za mwaka unaoutaka ni zipi. Wasimamizi wa gemu wako palepale, hata nje ya kituo.

Posho ya chini ya UKRI kwa mwaka 2025/26 ni pauni 20,780, bila kodi. Inatosha York kwa mtu mmoja, London itakubana. Lakini kabla hujaipokea hata pauni moja, kuna malipo ya mbele. Ada ya huduma ya afya kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, na hulipwa yote kwa mkupuo unapoomba. Kwa miaka minne ni pauni 3,104, zaidi ya milioni 13 za shilingi zetu, ukiacha ada ya viza na kipimo cha kifua kikuu ambacho kila anayetoka Uganda lazima akifanye. Tena anayekwenda kutafiti akili mnemba huhitaji kibali cha usalama kiitwacho ATAS. Ni bure, lakini huchukua wiki kadhaa, na bila hicho viza haiombwi. Nimeona watu wakipata ufadhili na kukwama hapo, wakichangisha kwa ndugu kama wanafanya harusi. Uliza chuo, kwa maandishi, kama wanarudisha gharama za viza. Vingine hurudisha.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa uzamivu unatolewa kwa nchi kama yetu, nao hulipa ada, nauli na posho. Sharti lake ni kwamba unatarajiwa kurudi nyumbani ukimaliza. Kwangu mimi hilo si sharti baya.

Jambo moja kwa wenye familia: tangu Januari 2024, anayekwenda Uingereza kusoma uzamili wa darasani haruhusiwi kuja na mke, mume wala watoto. Wa uzamivu anaruhusiwa. Nawajua watu ambao hesabu yao yote iligeuka kwa sababu ya sheria hiyo.

Denmark, Uholanzi, Malta

Tofauti kubwa na Uingereza ni kwamba huko Denmark na Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mfanyakazi. Anaajiriwa, ana mkataba, analipwa mshahara na kukatwa kodi, ana likizo na pensheni. Denmark ni miaka mitatu, Uholanzi minne. Nafasi hutangazwa kama kazi, mwaka mzima, na tangazo husema swali ni lipi. Hapo ndipo penye utamu na uchungu: pesa ni nzuri, lakini mara nyingi unajibu swali la mradi wa mtu mwingine. Omweso wako utausubirisha.

Na sharti lake ni uzamili. Bila shahada ya pili hawakuangalii. Hii ni sababu nyingine ya kutodharau Makerere na Kigali, maana Uingereza inaweza kumchukua mwenye shahada ya kwanza ya daraja la juu, lakini milango hii ya mishahara mizuri imefungwa kwake.

Chuo cha IT cha Copenhagen kina historia ndefu ya utafiti wa gemu. Maastricht ndipo Cameron Browne alipoongoza mradi wa kukusanya michezo ya jadi ya dunia na kuijenga upya kwa kompyuta, na programu iliyotokana nao, Ludii, ina michezo zaidi ya elfu moja na ni bure kupakua. Malta ni kisiwa kidogo, lakini Taasisi yake ya Gemu za Kidijitali, alipo Georgios Yannakakis, inajulikana kwa kila mtu wa fani hii. Kitabu alichoandika na Julian Togelius mwaka 2018 kinasomwa bure mtandaoni; kipitie kabla ya kuamua lolote, kwa sababu sura zake zinafuata matawi niliyoyataja na utajua lipi linakukera na lipi linakunyima usingizi.

Kanada na Marekani

Alberta, mjini Edmonton, ndiyo shule ya mashine zinazocheza. Drafti ilitatuliwa pale. Mwaka 2015 watu wa Michael Bowling walitangaza Cepheus, iliyofikia kiwango kisichoshindika katika aina moja ya poka ya watu wawili. Mazingira ya gemu za Atari ambayo DeepMind iliyatumia kuonyesha mashine inayojifunza kwa kutazama skrini yalitoka pale. Richard Sutton, aliyeshiriki Tuzo ya Turing ya 2024, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, na Andrew Barto, anafundisha pale, na David Silver aliyeiongoza AlphaGo alipata uzamivu wake pale. Njia ya kawaida ni kuingia uzamili wa tasnifu, wa miaka miwili na unaolipiwa kwa kufundisha au kutafiti, kisha kuendelea. Kwa asiye na uzamili ambaye alama zake ni za juu kabisa na anapenda hesabu, hii ndiyo njia ninayosema inaweza kuizidi ile niliyoipendekeza mwanzoni. Baridi ya Edmonton hushuka chini ya nyuzi 30 za hasi. Hilo halikatazi mtu, ila nunua koti huko huko, si soko la Owino.

Marekani inachukua wenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, miaka mitano au zaidi, ada ikifutwa na posho ikilipwa kwa kazi ya usaidizi. New York University, Georgia Tech na chuo cha California cha Santa Cruz zina watu wa gemu. Faida yake ni muda wa kubadili swali katikati. Hasara ni muda huohuo, na ada za maombi, zinazolipwa kwa dola kwa kila chuo. Vingi husamehe ada hiyo ukiandika kuomba.

Utakusanya data wapi?

Swali hili husahaulika, nalo linaweza kuamua kila kitu. Kama utafiti wako unahitaji wachezaji wa Uganda, vijana wa vibanda vya PlayStation wa Wandegeya au watoto wa shule ya msingi Arua, utahitaji idhini ya kamati ya maadili ya hapa na usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, hata kama chuo chako kiko York. York nao watataka idhini yao. Sheria ya kulinda data na faragha ya 2019 inahusika pia, na kwa mtoto lazima mzazi akubali. Aliye Makerere anapitia milango ya hapa tu. Aliye nje anapitia ya hapa na ya chuo chake, kisha anahitaji nauli ya kurudi. Iandike nauli hiyo kwenye bajeti ya maombi tangu siku ya kwanza.

Na ukienda kwa wazazi kuomba ruhusa, eleza mapema kwamba gemu unayoizungumzia si ya kubeti. Mjini kwetu mashine za kamari zimewaumiza watu, na mzazi ana haki ya kuwa na shaka.

Barua kwa msimamizi

Njia yoyote utakayoichagua, isipokuwa za darasani za Kigali, inapita kwa barua pepe moja kwa mtu mmoja. Barua nyingi ninazoonyeshwa zinaanza kwa salamu ndefu, zinaeleza ndoto za utotoni, zinaomba "nafasi yoyote". Profesa hana la kujibu hapo. Andika aya tatu. Ya kwanza: makala yake gani umeisoma na ni kitu gani ndani yake hakikukaa sawa ulipokijaribu. Ya pili: ulichokijenga wewe, na kiungo cha kukiona kikifanya kazi, hata kama ni ule ubao mdogo wa mashimo 16. Ya tatu: swali lako kwa sentensi mbili, na ufadhili unaopanga kuuomba. Usiambatanishe vyeti; vitaombwa.

Kisha uhesabu nyuma kutoka tarehe za mwisho. Maombi ya Jumuiya ya Madola mara nyingi hufungwa katikati ya Oktoba, na ya Marekani na Kanada kuelekea Desemba. Barua yenyewe iondoke Juni au Julai, kwa sababu profesa akijibu atakutaka uandike upya pendekezo lako, na kuandika upya ndiko kunakochukua miezi.